Chati ya nukta kwenye lahajedwali: maswali ninayoulizwa kila msimu wa TFC

Kazi yangu ni kuchapa, kufotokopi na kufunga vitabu vya wanafunzi hapa Bukavu, upande wa Kadutu. Msimu wa kutetea TFC, ile kazi ya kuandika ya mwisho wa masomo, ukikaribia, foleni inatoka mlangoni hadi barabarani, kila mtu na flashi yake mkononi, na karibu kila flashi ina chati inayoumwa. Nimechoka kueleza jambo lile lile mara kumi kwa siku huku printa inanisubiri. Nimeona niyaandike.

Kompyuta nyingi za hapa zina Excel ya Kifaransa, kwa hiyo majina ya menyu nayaacha kama mnavyoyaona kwenye skrini. Wa LibreOffice, ile programu nyingine ya lahajedwali, nimewakumbuka pale njia zinapoachana.

Chati ya nukta ni ipi, na kwa nini prof amekataa ile yangu ya mstari?

Kwa macho zinafanana, ndiyo maana watu wanateleza. Chati ya mstari, ile ya «Courbe», inachukua kilicho chini kama majina: Januari, Februari, Machi. Kila jina linapewa nafasi sawa na mwenzake. Ukiwa umepima maji kwenye mita 5, mita 10 na mita 200, itaziweka hatua hizo tatu kwa umbali mmoja, kana kwamba kutoka 10 hadi 200 ni sawa na kutoka 5 hadi 10. Huo ni uongo, na prof ameuona.

Chati ya nukta inasoma namba pande zote mbili. Itumie ukiwa na vipimo viwili vya kitu kimoja: urefu na uzito wa samaki yule yule, mwinuko na mavuno ya shamba lile lile. Kwenye Excel nenda «Insertion», kisha «Nuage de points». Kwenye LibreOffice inaitwa «XY (dispersion)». Chagua ile yenye nukta tupu, bila mistari. Ukichagua yenye mistari na kolamu yako ya X, yaani ya namba zinazokaa chini ya chati, haijapangwa kutoka ndogo kwenda kubwa, utapata utando wa buibui.

Excel inajuaje kipi kikae chini na kipi kipande juu?

Haijui. Inachukua kolamu ya kushoto kuwa X, basi. Ikikosea, bofya kulia juu ya chati, «Sélectionner des données», kisha «Modifier», uelekeze mwenyewe X iko wapi na Y iko wapi. Kwa desturi kile unachodhani ndicho kinachosababisha kinakaa chini.

Chini naona 1, 2, 3, 4, 5… Mimi sikuandika namba hizo!

Swali namba moja hapa kwangu, na halihusu sura ya chati hata kidogo.

Kompyuta yenye mipangilio ya Kifaransa inasoma 12,5 kama namba. Ukiiandikia 12.5 kwa nukta, inaona maandishi tu, sawa na kama ungeandika «nyanya». Na chati ya nukta ikikuta hata seli moja ya maandishi katika kolamu ya X, inaitupa kolamu nzima na kuhesabu yenyewe: 1, 2, 3, 4. Haikuonyi, haipigi kelele. Upande wa Y ni tofauti kidogo: kule maandishi yanachorwa kama sifuri, ndipo unaona nukta zimeanguka sakafuni bila sababu.

Alinijia kijana wa kilimo aliyepima pH ya udongo. Nusu ya vipimo vilitoka kwenye kifaa, vikiwa na nukta. Nusu nyingine aliandika kwa mkono, kwa mkato, kama alivyofundishwa shuleni. Mhimili wake wa chini ulifika 42. Akaniomba nimsaidie kubadilisha rangi. Nikamwambia, ndugu yangu, kabla ya rangi nieleze udongo wenye pH 42 umeuchimba wapi, maana kipimo cha kawaida kinaishia 14. Hakuwa na udongo wa ajabu. Alikuwa na mistari 42 ya data kwenye jedwali.

Kwanza angalia kolamu yenyewe. Namba huegemea kulia mwa seli, maandishi huegemea kushoto. Kama umezipanga katikati ili zipendeze, ondoa huo mpangilio kwanza, kwa sababu unaficha ugonjwa. Kisha chagua kolamu hiyo peke yake, bonyeza Ctrl+H, kwenye «Rechercher» weka nukta, kwenye «Remplacer par» weka mkato, halafu «Remplacer tout». Nasema peke yake: ukisahau kuchagua, utabadilisha nukta zote kwenye karatasi, hata zile za vifupisho vya majina.

Njia nyingine ni «Fichier», «Options», «Options avancées», uondoe tiki kwenye «Utiliser les séparateurs système» na kuweka nukta kuwa alama ya desimali. Ni nzuri kama data yako yote imetoka kwenye kifaa. Lakini kama kompyuta ni ya mtu, rudisha ulivyoikuta, maana anayekuja baada yako ndiye atakayelia.

Wezi wengine wadogo wa kolamu ya X ni hawa: «12 kg» ndani ya seli (kipimo kinaandikwa kwenye kichwa cha kolamu, seli ibaki na 12 tu), nafasi isiyoonekana iliyokuja na namba uliyonakili kwenye intaneti, na fomula inayorudisha "" pale isipokuwa na jibu. Hiyo "" inaonekana kama seli tupu, kumbe kwa Excel ni maandishi. Badala yake weka NA(). Itaonyesha #N/A mbaya kwenye jedwali, lakini chati haitaichora kama nukta.

Nukta zangu zote zimebanana kona moja, upande mwingine ni jangwa.

Excel inapenda kuanzia sifuri. Ikikuta tofauti kati ya namba kubwa na ndogo ni kama sehemu moja ya sita ya ile kubwa au zaidi, inarudi sifuri. Tofauti ikiwa ndogo kuliko hapo, inakata yenyewe. Sasa fikiria mashamba ya kahawa kuanzia ufukweni mwa ziwa Kivu, mita 1460, hadi mita 2000 juu ya milima. Tofauti ni 540, zaidi ya robo ya 2000, kwa hiyo mhimili utaanzia sifuri na karibu robo tatu ya chati itakuwa tupu. Hakuna anayelima kahawa ya Kivu kwenye usawa wa bahari.

Bofya mara mbili juu ya namba za mhimili, au zichague na ubonyeze Ctrl+1. Kwenye «Minimum» weka 1400, kwenye «Maximum» weka 2050 au 2100. Acha nafasi kidogo pande zote ili nukta za mwisho zisikatwe nusu.

Kuna wanaoambiwa kwamba kutoanzia sifuri ni kudanganya. Kwa chati ya nguzo nakubali, kwa sababu jicho linapima urefu wa nguzo, na ukiikata miguu umebadilisha urefu. Nukta haina urefu, ina mahali inapokaa tu. Kata bila hofu, na ukitaka amani na wasahihishaji andika chini ya chati kwamba mhimili unaanzia mita 1400.

Ninapima joto la maji ya ziwa kwa kila kina. Kwa nini sakafu ya ziwa imekwenda juu?

Kwa sababu kwa Excel 300 ni kubwa kuliko 0, na kubwa inakaa juu. Chagua mhimili wa wima, Ctrl+1, weka tiki kwenye «Valeurs en ordre inverse». Sasa sifuri iko juu, kama uso wa maji. Utaona namba za joto nazo zimeruka juu ya chati. Usiogope: wapimaji wa maziwa na bahari wengi huziacha hapo hapo. Ukizitaka chini, kwenye mipangilio ya mhimili huo huo wa wima mwambie mhimili wa mlalo ukatize kwenye thamani ya juu kabisa.

Hapa pia kolamu zinageuka: kina, ambacho kwa kawaida umekiandika kushoto, kinakwenda Y, na joto linakwenda X. Ni moja ya nafasi chache ambapo natetea kuunganisha nukta kwa mstari, maana maji ni mfululizo mmoja kutoka juu hadi chini. Chagua mstari ulionyooka. Ule uliolainishwa unapinda na kuvimba mahali ambapo hukupima kitu.

Na tafadhali, chati ya ziwa letu ikionyesha joto linapanda kadiri unavyoshuka, usiifute ukidhani umekosea! Kivu ndivyo lilivyo. Joto linapungua hadi karibu mita 80, kisha linaanza kupanda tena kuelekea sakafuni, kwenye kina cha karibu mita 480. Chemchemi za moto zenye chumvi zinaingia kwa chini, na maji hayo ya chumvi ni mazito, hayapandi juu kuchanganyika na mengine. Kwenye chati mgongo unaingia ndani halafu unatoka. Huo mkunjo ndio kazi yako yote, sasa mtu anaupiga msasa ili «upendeze»!

Nimeongeza mstari wa mwelekeo lakini haufuati nukta zangu za samaki wa sambaza.

Umechora mstari ulionyooka juu ya kitu kisichonyooka. Sambaza, wale walioletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na sasa ndio mboga yetu ya kila siku, wananenepa kwa njia ya samaki wote: urefu ukiongezeka mara mbili, uzito unaongezeka karibu mara nane, kwa sababu uzito unafuata ujazo. Hesabu yake ni W = aLᵇ: W ni uzito, L ni urefu, a na b ni namba ambazo Excel inakutafutia, na b huwa karibu na 3.

Bofya kulia kwenye nukta moja, «Ajouter une courbe de tendance», chagua «Puissance». Weka tiki kwenye sehemu ya kuonyesha mlinganyo na ile ya R², namba inayosema mstari umezifuata nukta kwa kiasi gani, 1 ikiwa ni kabisa. Ukiona «Puissance» imefifia na haikubali kubofywa, tafuta sifuri au namba hasi kwenye data yako: samaki mmoja uliyesahau kumpima anatosha kuizuia.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo nimeona mtu akikaribia kuaibika mbele ya wasahihishaji. Ukipima urefu kwa milimita na uzito kwa gramu, Excel inakuandikia mlinganyo kama y = 1E-05x^2,9. Hiyo 1E-05, yaani 0,00001, imefupishwa hadi tarakimu moja. Ndani ya tumbo la Excel huenda a ni 0,000014. Chukua samaki wa milimita 90: kwa 0,000014 unapata gramu 6,5, kwa 0,00001 unapata gramu 4,6. Mwanafunzi alihesabu jedwali zima kwa ile namba fupi, kila samaki akapungukiwa karibu theluthi ya mwili wake. Mstari kwenye chati ulikuwa sahihi kabisa, jedwali chini yake lilikuwa la samaki waliofunga kula. Tulikaa hadi saa mbili usiku tukilirudia.

Dawa ni rahisi. Bofya juu ya mlinganyo wenyewe, Ctrl+1, nenda kwenye muundo wa namba, chagua «Scientifique» na uipe desimali nne. Kwa mstari wa kawaida ulionyooka, ni salama zaidi kutoa namba kwenye seli kwa =PENTE() na =ORDONNEE.ORIGINE(), ambazo hazifupishi kitu.

Ukitaka kumwonyesha prof kwamba uhusiano kweli ni wa kipeo, washa «Échelle logarithmique» kwenye mihimili yote miwili. Nukta zilizokuwa zinapinda zitanyooka.

R² yangu ni 0,99. Nimefaulu?

Nionyeshe kwanza umeipataje. Kuna watu wanachagua «Polynomiale», wanapandisha daraja hadi 6, ambalo ndilo la mwisho Excel inaloruhusu, mpaka mstari unapita kila nukta ukiyumba kama teksi inayokwepa mashimo. Ukiwa na nukta saba, mstari wa daraja la 6 unaweza kupita zote saba barabara, hata kama umezitupa kwa kufumba macho.

Mwaka 1973 mtaalamu wa takwimu Francis Anscombe alitengeneza makundi manne ya data, kila moja nukta 11. Wastani ni ule ule, mstari wa mwelekeo ule ule, kipimo cha uhusiano wa X na Y kile kile cha karibu 0,816. Ukizichora, moja ni wingu la kawaida, ya pili ni upinde, ya tatu ni mstari ulionyooka wenye nukta moja iliyotoroka, na ya nne ni nukta zilizosimama wima isipokuwa moja iliyokaa mbali ikiuvuta mstari peke yake. Namba hazikuona tofauti yoyote. Chora kwanza, R² baadaye.

Rangi gani inafaa?

Inategemea una franga ngapi. Wengi wenu mnachapa kwa wino mweusi kwa sababu ukurasa wa rangi ni ghali, na mko sawa. Lakini nyekundu na kijani zilizokuwa zinang'aa kwenye skrini, kwenye karatasi zinatoka kijivu kimoja. Msomaji hawezi kujua wapi ni Kabare na wapi ni Walungu.

Tenganisha makundi kwa umbo: duara lililojaa kwa kundi moja, duara tupu kwa jingine, na pembetatu kama lipo la tatu. Makundi matano kwenye chati moja ni vurugu, zigawe chati mbili zenye mihimili sawa. Umbo linabadilishwa kwenye Ctrl+1, ndoo ya rangi, sehemu ya «Marqueur», kisha chaguzi za alama. Ukubwa unaanzia 2 hadi 72. Mimi naweka 6 au 7 kwa chati ya nusu ukurasa. Aliyeweka 20 chati yake inafanana na sinia la mandazi.

Nukta zikiwa mamia na zinapandana, punguza ukubwa na ongeza uwazi wa rangi ya ndani, asilimia 60 au 70. Penye nyingi patakuwa peusi, penye chache patabaki pepesi.

Chini badala ya tarehe naona 45000.

Hiyo ni tarehe: 15 Machi 2023. Excel inahesabu siku, 1 ikiwa ni 1 Januari 1900. Badilisha muundo wa namba wa mhimili kuwa tarehe. Alama za mhimili hazitaangukia mwanzo wa kila mwezi, kwa kuwa miezi hailingani na chati ya nukta inajua siku tu. Kama umepima mara moja kila mwezi bila kuruka, rudi kwenye chati ya mstari, hapo ndipo mahali pake.

Naweza kuandika jina la kijiji kando ya kila nukta?

Unaweza, kuanzia Excel 2013: ongeza «Étiquettes de données», fungua mipangilio yake, chagua lebo zichukuliwe kwenye seli, elekeza kolamu ya majina, kisha ondoa tiki ya thamani ya Y. Lakini majina arobaini yanayokanyagana hayasomeki. Acha majina ya vijiji vitatu au vinne unavyovizungumzia kwenye maandishi yako, mengine yafute moja moja: bofya mara moja yachaguliwe yote, bofya tena lichaguliwe moja, Suppr.

Nimeomba mistari ya makosa ya vipimo, zimetokea za wima na za mlalo.

Kwenye chati ya nukta Excel inaleta zote mbili. Bofya za mlalo, zifute. Halafu andika chini ya chati kama ulichoonyesha ni mchepuko wa kawaida (jinsi vipimo vinavyotawanyika kando ya wastani) au kitu kingine, maana vinatofautiana sana.

Nifute nini kabla ya kukuletea uchapishe?

Kichwa kilichomo ndani ya chati, kwa sababu utaandika «Kielelezo cha 3» nje yake na prof hataki kusoma jambo mara mbili. Ufunguo unaosema «Série1», ambao haumsaidii mtu. Mistari ya gridi ya wima, na ile ya mlalo ifanye ya kijivu hafifu. Fremu ya nje. Usifute majina ya mihimili, na majina hayo yawe na vipimo: «Urefu (mm)», «Uzito (g)». Mtu anakuja na chati yenye rangi kumi na haina neno moja la kusema namba zile ni za nini.

Kwangu ilikuwa nzuri, kwako imeharibika. Printa yako ina shida?

Printa yangu ni nzima, dada. Ulinakili chati kwenye Word ikiwa imeunganishwa na faili la Excel uliloliacha nyumbani, au herufi ulizotumia hazipo kwenye mashine yangu. Chati ikishakamilika, ibandike kwenye Word kama picha: bofya kulia, kwenye chaguzi za kubandika chagua picha. Kabla ya kunakili, ipe upana utakaochapwa, sentimita 15 au 16 kwa karatasi ya A4. Ukiivuta baadaye ndani ya Word kwa upande mmoja badala ya kona, herufi zinanyooshwa nazo.

Faili la Excel lilete vilevile kwenye flashi, na nakala nyingine jitumie kwenye simu. Asubuhi naanza saa moja, kabla foleni haijafika barabarani.